Usilipie hizo tiketi kumi na moja kabla hujaiona rota ya zamu zako!!

Dogo simama hapo hapo, toa kidole kwenye hiyo simu. Umeandika kwamba umekubaliwa kujitolea kwenye ukumbi mmoja wa tamasha la maonyesho la Edinburgh Fringe, kule Uskoti, Agosti nzima, ukauliza maswali yako matano, viza, malazi, nguo, shoo za bure, halafu la mwisho ukalichomekea kama utani: "tayari nina tiketi 11 kwenye kikapu, nalipia wikiendi hii, je niongeze?" NIONGEZE??? Wenzangu hapo juu wamekujibu soksi na mabegi kurasa mbili nzima na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo, wakati shimo lenyewe ndilo hilo na mimi nimeshatumbukia humo nikatoka na makovu.

Rota unayo? Sio barua ya kukubaliwa, sio ile emaili yenye vikatuni vya kushangilia. Rota, yenye jina lako na siku na saa ya kuingia na saa ya kutoka. Najua huna, ungekuwa nayo usingeuliza hivi. Basi kama huna, hizo tiketi 11 ni sadaka, na sadaka yenyewe ya aina ambayo hata thawabu huandikiwi.

Mimi yalinikuta hivi. Nilikuwa nasoma masta huko huko Uingereza, mwezi wa tano nikapata jibu kwamba nimekubaliwa, nikarukaruka chumbani kama mtoto wa darasa la pili. Sasa nina shemeji yangu mmoja, simtaji, ila akipita hapa atajijua (shemeji, bado sijasahau), yeye aliwahi kujitolea kwenye tamasha fulani miaka ya nyuma, basi akajifanya profesa wa matamasha. Akaniambia ukishavaa kile kitambulisho cha shingoni hakuna mlango utakaofungwa usoni kwako, zamu zenyewe ni masaa mawili matatu ya mchana, jioni yote ni yako, wewe nunua tu tiketi mapema maana shoo nzuri zinaisha. Sikuridhika, nikampigia na mratibu wa wanaojitolea, sauti asali tupu, "usijali kabisa, ratiba zetu ni fleksibo sana." Fleksibo! Nilikuja kuelewa baadaye kwamba wa kupindwa nilikuwa mimi.

Basi mwezi wa sita programu ikatoka kamili na mimi nikaugua. Kwa ambaye hajui, Fringe hakuna kamati inayokaa kuchagua nani aje nani asije, ilianza 1947 vikundi vinane vya maigizo vilipokwenda Edinburgh kwenye tamasha jingine kubwa, Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, bila kualikwa, wakatafuta kumbi zao wenyewe pembeni wakaonyesha, na mpaka leo ukiwa na ukumbi na pesa ya kuukodi unakuja. Matokeo yake ni shoo zaidi ya 3,000 ndani ya wiki tatu na kitu za Agosti, asubuhi mpaka baada ya usiku wa manane. Ukianza kusoma lile orodha hulali. Nikatengeneza na jedwali, rangi ya kijani lazima nione, njano nikipata nafasi, nikanunua tiketi 13, pauni 171, na kwa akili zangu nyingi nikachukua zote za kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku, kwa sababu si mchana nitakuwa kazini? Na ukishalipa imekwenda hiyo, pesa hairudi na siku hubadilishiwi, labda shoo yenyewe ifutwe.

Rota ikaja siku mbili kabla ya ufunguzi. Saa kumi jioni mpaka saa sita na nusu usiku. Siku sita kwa wiki. Mapumziko Jumatano.

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu mpaka jirani akafungua mlango kuangalia kama niko sawa. Maana ukifikiria dakika mbili tu unaona haikuweza kuwa vinginevyo, watazamaji wanajaa usiku, kwa hiyo wa kuwapanga foleni, kuskani tiketi, kuwaonyesha viti na kuokota makopo yao wanatakiwa usiku. Hata konda wa daladala anajua abiria wanajaa saa ngapi. Mimi na masta yangu sikujua.

Haya, hesabu. Tiketi 13, mbili ndizo zilizoangukia Jumatano. Tatu nilizikomboa kwa kubadilishana zamu, na kubadilishana zamu pale ni biashara ya kikatili mdogo wangu, kwa sababu kila mtu anaikimbia zamu ya usiku na hakuna anayeitaka, kwa hiyo unalipa kwa jasho. Moja nililipa kwa kusafisha vyoo mara mbili. Nyingine nilisimama mtaa wa Royal Mile masaa manne kwenye mvua nagawa vipeperushi vya shoo ambayo hata mimi sijaiona, watu wananipita wanaangalia simu, mwingine anakipokea halafu anakitupa kwenye pipa lililo hatua tatu mbele yangu, nikimwona. Nane zilizobaki ziliungua. Nilijaribu kuzigawa, mbili wakachukua wenzangu tuliokuwa tunalala nyumba moja, wakarudi saa tano usiku, na mimi nilipotoka zamu wakanisimulia mwanzo mwisho huku ndio kwanza nakula. Asanteni sana.

Lakini kuna moja inaniuma mpaka leo. Kati ya zile nane moja ilikuwa ya shoo iliyokuwa inaonyeshwa kwenye jengo LETU, chumba cha jirani na mlango niliokuwa nasimamia. Majengo mengi ya pale mwaka mzima ni madarasa ya chuo, makanisa, mabweni, ikifika Agosti wanatundika mapazia meusi na kupanga viti vya ngazi ngazi, basi kimekuwa ukumbi wa maigizo, kwa hiyo kati yangu na hiyo shoo kulikuwa na pazia na mbao nyembamba tu. Mimi nimesimama, tiketi yangu halali niliyolipia pauni 14 iko kwenye simu mfukoni, na ninasikia watu wanacheka. Jioni baada ya jioni nikasikia watu wanacheka. Ilifika mahali najua dakika ya ngapi wanacheka, dakika ya ngapi wananyamaza kabisa mpaka unasikia mtu anakohoa, na kuna sehemu kama dakika ya arobaini kitu kizito kinadondoka sakafuni na ukumbi mzima unashusha pumzi. Sijui ni nini kilichodondoka. Sitajua. Siku ya mwisho yule msanii akanikuta nje anavuta sigara akaniuliza, wewe si ndiye unasimama hapo kila siku, uliionaje kazi yetu? Nikamwambia ni nzuri sana hasa ile ya kudondoka. Akanishukuru kwa moyo mmoja.

Ngoja, sijamaliza. Katika zile tatu nilizozikomboa kwa vyoo na mvua, moja nayo niliipoteza kwa ujinga wa ramani. Shoo ya kwanza iliisha, ya pili iko mtaa wa Cowgate, simu inasema dakika saba, mimi nina ishirini, nikatembea kwa madaha kabisa nikinunua na soda. Nikafika juu ya barabara ya George IV Bridge, kile kidoti cha bluu kiko juu ya ukumbi kabisa, umefika. Nimefika wapi? Nikachungulia ukingoni: mtaa ninaoutafuta uko CHINI, ghorofa kadhaa chini ya miguu yangu, naona vichwa vya watu. Ule mji una mitaa iliyopita chini ya mitaa mingine, kwenye ramani unaona njia panda kumbe ni daraja. Nikazunguka kutafuta pa kushukia mbio mbio, nikafika nahema nimechelewa dakika nne, na mlangoni kasimama binti mwenye kitambulisho cha shingoni kama changu ananiambia kwa upole, "samahani, shoo ikishaanza haturuhusu mtu kuingia." Maneno yale yale, kwa sauti ile ile niliyokuwa nawaambia mimi watu kila usiku. Ningesema nini? Nikamwambia kazi njema.

Sasa hapa ndipo utakapomlaani shemeji pamoja na mimi. Kitambulisho kinafanya kazi kweli! Ila sio alivyosema yeye. Kwetu kilikuwa kinakuingiza kwenye kumbi za kampuni ile ile unayoifanyia kazi, sio mji mzima, na unaingia mwishoni baada ya waliolipa wote kukaa, kama kuna kiti. (Kila sehemu ina utaratibu wake, waulize wako.) Na viti vipo, dogo. Wiki ya kwanza na siku za katikati ya wiki kuna wasanii wazuri kabisa wanaonyesha kwa watu sita. Asubuhi moja tulikuwa wanne ukumbini na wawili walikuwa wazazi wa mwigizaji. Ukumbi mtupu unamuua msanii na mwandishi wa gazeti akiwepo ndio balaa, kwa hiyo ikifika robo saa kabla ya shoo utasikia wanatangaziana nani yuko huru aje ajaze viti. Mimi zamu yangu ilianza saa kumi jioni, maana yake kuanzia saa nne asubuhi nilikuwa huru, shoo nyingi ni saa moja tu, nikawa naona mbili, siku nyingine tatu, ndipo nakwenda kazini. Mwisho wa mwezi nilikuwa nimeona shoo 31. Zile za kulipia kati ya hizo ni NNE. Nzuri kuliko zote nimeiona saa tano asubuhi bure kwenye chumba cha semina, mama mmoja na kiti kimoja na taa moja, nililia mpaka nikaona aibu kutoka.

Kwa hiyo zaidi ya pauni 110 nilizitupa kununua kitu ambacho nusu yake ningepewa bure na nusu nyingine nisingeweza kwenda hata ningebebwa. Ndio maana nakwambia rota kwanza, tiketi baadaye. Na rota ikishafika usikimbilie zote 11, nunua za siku yako ya mapumziko tu, tena zile ambazo kitambulisho chako hakifiki. Zinaisha? Ziishe! Pale msanii akiona zinaisha wakati mwingine anaongeza siku, na isipoongezwa kuna nyingine elfu tatu zinakusubiri. Na kama lazima ununue mbili za siku moja acha saa nzima katikati. Dakika ishirini zinatosha kwenye ramani, kwenye ngazi za ule mji hazitoshi.

Shoo za bure ulizouliza: sio bure. Mwisho msanii anasimama mlangoni na ndoo, siku hizi na kimashine cha kadi, weka chochote cha maana na usijifanye unaongea na simu, tunawaona.

Viza nitasema kidogo tu, mwenye uzoefu zaidi aongezee. Umesema unakuja kwa viza ya matembezi. Mgeni wa matembezi anaruhusiwa kujitolea siku zisizozidi 30 kwa jumla, tena kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa, na kujitolea kusiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Wewe umeandika "nakuja kujitolea Agosti nzima", soma tena sentensi yako. Na sio kila ukumbi pale ni taasisi ya hisani, kuna ambazo ni kampuni za biashara kama biashara nyingine, kwa hiyo waombe namba yao ya usajili wa hisani wa Uskoti kabla hujalipia chochote. Wakizungukazunguka umeshapata jibu.

Nguo, koti la mvua lenye kofia, mwavuli upepo utauvunja siku ya kwanza. Malazi uliyouliza nimesahau ulisemaje, nikipanda juu kusoma tena nitaanza kugombana na yule jamaa wa kwanza aliyekujibu "nunua mapema mkuu upate siti za mbele." Siti za mbele! Viti havina hata namba, kumbi nyingi mnaingia kwa foleni na kukaa popote. Wewe ndugu ulishawahi kufika Edinburgh au ulisikia kwa shemeji yangu?

Leo hii hii waandikie waratibu wako, usipige simu, andika, ibaki maandishi: nipeni saa za zamu na siku yangu ya mapumziko, na kitambulisho kinaniingiza kumbi zipi. Wakikujibu kwamba wako fleksibo, nakili jibu lao ulilete hapa tulisome wote. Na hujasema, hicho kikapu umeshakilipia au bado?