Mlituuliza: Mabaharia wakikamatwa kule Uingereza, meya alikuwa wapi?

SWALI: Asalaam aleikum. Mie ni baharia mstaafu niko Likoni, nimezunguka na meli miaka mingi. Juzi mjukuu wangu akisoma historia akanambia ati zamani Muingereza akitaka watu wa manowari alikuwa anatuma genge la wanamaji na marungu, wanaingia vilabuni na vichochoroni wanabeba mtu tu. Sasa nauliza, serikali za mitaa kule zilikuwa wapi, zililala? Na je kuna aliyeweza kusema hapana?

JIBU: Waaleikum salaam na shikamoo mzee wangu. Hazikulala kabisa, na mjukuu wako mwambie hapo ndipo penye hadithi yenyewe, manake mfalme na wakubwa wa London walikuwa hawamjui Juma wala Ali, aliyejua nani ana kazi, nani mlevi, nani hana wa kumtetea, ni watu wa pale pale mtaani.

Tuanze na hilo genge. Lilikuwa linabeba kibali kutoka kwa wakuu wa jeshi la majini, lakini kikifika mjini kilitakiwa kwanza kitiwe sahihi na meya au hakimu wa pale. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, mkubwa angeweza kukataa, na kuna aliyekataa waziwazi. Brass Crosby, meya wa London aliyechaguliwa 1770, aligoma kutia sahihi vibali vile na akaweka konstebo kwenye milango ya mji wazuie watu wasichukuliwe. Mie huyu bwana namheshimu sana, alikuwa na kiti na alikitumia.

Lakini wengi walifanya kinyume. Mwaka 1795, Uingereza ikipigana na Ufaransa na manowari hazina watu, bunge likagawa hesabu kwa kila kaunti, yaani kama vile leo Mombasa iambiwe leta watu kadhaa, Kwale kadhaa, Kilifi kadhaa. Rutland kaunti ndogo ikaambiwa 23, Yorkshire 1,081, bandari ya London peke yake 5,704. Na bandari zilibanwa vibaya, meli haziruhusiwi kutoka mpaka watu wapatikane, hebu fikiria Kilindini ifungwe hivyo mzee wangu, matajiri wangehangaika vipi! Basi wakawa wanachanga pesa za kuwavuta watu wajiandikishe, na mahakimu nao wakaona njia ya kupunguza wafungwa, wenye madeni na wezi wadogo wadogo wakaambiwa chagua jela au bahari. Richard Parker alikuwa jela kwa deni kule Scotland akaingia navy kwa njia hiyo hiyo, 1797 akawa kiongozi wa mgomo mkubwa wa wanamaji pale Nore, mdomoni mwa mto Thames, wakamnyonga.

Upande wa nchi kavu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Sheria ya 1757 ya wanamgambo ilimtaka konstebo wa parokia, ambayo ndiyo ilikuwa serikali ya chini kabisa, aandike majina ya wanaume wa miaka 18 mpaka 50, halafu majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu, jina lako likitoka utatumikia miaka mitatu au ulipe pauni 10 au utafute mtu aende badala yako. Sasa kibarua wa shamba pauni 10 ataitoa wapi? Watu walichachamaa wakavamia mikutano ya mahakimu wakanyang'anya zile orodha wakazichana, na waliona sawa, manake silaha yenyewe ilikuwa ile karatasi.

Sisi hapa pwani tunaijua hiyo. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyempinga Muingereza, 1913 alipokuwa anawaapisha Wagiriama wasitoe vijana kwa Mzungu, na wazee wa serikali nao walikuwa wanalaumiwa, sababu ndio waliotumwa kuwatafuta hao vijana. Na 1917 wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, wabeba mizigo wa jeshi la Muingereza, walipokusanywa kwa maelfu ni machifu walioambiwa leta watu.

Kuna moja ya mwisho. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, meya wa Accrington, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, alijitolea mwenyewe kuunda kikosi na akapata watu kama 1,000 kwa siku kumi, majirani, ndugu, wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Tarehe 1 Julai 1916 pale Serre, Ufaransa, wakatoka kwenye mahandaki kama 720, na 584 wakauawa, kujeruhiwa au kupotea. Kule mjini magazeti yakawa yanasema mambo yanaenda vizuri, lakini barua za majeruhi zikaanza kuingia, ndipo watu wakaenda wakaizunguka nyumba ya meya, wanataka kuambiwa ukweli wa watoto wao.