Mwanangu, umeniuliza ukiacha cheti chuo kilinipa nini

Marahaba baba. Meseji yako ya juzi niliisoma nikiwa na wateja, sasa nimefunga duka nakujibu vizuri. Umeuliza hivi, "Mama ukiacha cheti, hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, ulipata nini ambacho mtu wa mtaani hana, maana ulisoma sosholojia na leo unauza saruji." Ukaongezea na rafiki yako aliyeishia fomu foo, ana bajaji mbili, na wewe uko mwaka wa pili hapo Udom deni la Bodi ya Mikopo linapanda tu na kazi hujaiona hata kwa mbali. Swali zuri, halijanikera hata kidogo, baba yako ndo limemkera kidogo ila muache atapoa.

La ajira tulimalize haraka. Sikudanganyi, cheti hakikunipa maisha. Nilimaliza nikazunguka na bahasha ya kaki maofisini kama wenzangu wote, nikapata kazi ya mkataba, mkataba ukaisha, duka likaanza na mifuko ya saruji ya kuhesabika na hela ya kikoba. Hapo sosholojia haikuwepo. Rafiki yako wa bajaji kama anatunza hesabu zake anaweza kunizidi mimi na wewe wote, na hakuna cha aibu hapo.

Ila kuna kitu kimoja mi nilikipata kule na mpaka leo nakula nacho, nacho ni kupingwa mbele za watu na nikabaki nimekaa kwenye kiti.

We hujakulia Iramba kwa babu yako kwahiyo hujui ninachosema. Pale kwetu mkubwa akiongea mdogo anaitika, kama huna cha kuitika unakaa kimya, na mtoto wa kike ndo kabisa. Nikaenda bodingi, mwalimu anajaza ubao, sisi tunajaza madaftari, mtihani ukija unarudisha kilekile alichoandika na unapata A. Mi nilikuwa hodari wa hayo mambo, ndo yaliyonifikisha chuo. Yaani mtu nafika Dar mwaka 98 nikiwa sijawahi kusikia mtu ananiambia "sikubaliani na wewe" bila kuwa ugomvi.

Sasa Mlimani kulikuwa na kozi ya DS, Development Studies, karibu kila mtu anaisoma hata kama umekuja kusomea mambo mengine kabisa. Lekcha mnakaa mamia, unaweza hata kusinzia, lakini semina mko kachumba kadogo watu kama ishirini na ukisema kitu lazima usimame nacho. Mada ya siku ile ilikuwa kwanini Afrika ni maskini. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa kujiamini kabisa, kwasababu Waafrika hatujitumi. Si ndo tulivyokuwa tunaambiwa shuleni? Msimamizi wa semina, kijana tu, hakusema kweli wala uongo, akauliza nani ana mawazo tofauti.

Akanyanyuka mama yako mdogo yule wa Bukoba. Kipindi hicho hatujazoeana sana. Akaniuliza, dada, mama yako anaamka saa ngapi? Nikasema saa kumi alfajiri. Analala saa ngapi? Nikasema akimaliza vyombo, saa nne, saa tano. Katikati hapo anafanya nini? Shamba, maji, kuni, kukamua. Akauliza, na ng'ombe wakiuzwa hela anashika nani? Nikasema baba. Shamba jina la nani? La baba. Akageuka kwa wenzake akasema, haya, huyu ndo asiyejituma, akakaa. Darasa zima likacheka.

Baba nilitamani ardhi ipasuke. Na sasa sikiliza hapa, huyohuyo alikuwa analala kitandani kwangu! Vyumba havikutosha, mi nilipata yeye hakupata, nikawa nimembeba, ndo tulivyokuwa tunaita, kubebana, godoro moja la mtu mmoja mnalala wawili, mmoja kichwa huku mwingine kule. Kwahiyo aliyenianika mchana ndo usiku namkuta anakunja neti. Nilimnunia nadhani kama siku mbili hivi halafu nikaona upuuzi, godoro lenyewe futi mbili na nusu unamnunia mtu na mgongo wake unaugusa, nikamuuliza haya ulisoma wapi. Akanipeleka maktaba, pale Special Reserve, kitabu kilikuwa kinatolewa kwa masaa tu na nyuma yako kuna foleni, tukakisoma kwa zamu, mmoja anasoma mwingine anaandika. Kuanzia hapo ndo tukawa ndugu.

Lakini mwalimu wangu mkubwa ilikuwa msiba wa Mwalimu Nyerere. Oktoba 14, 1999, mi niko mwaka wa pili. Chuo kizima kilio, mwili ukaletwa kutoka London, watu wakaenda kupanga foleni Uwanja wa Taifa. Sasa usiku chumbani tumekaa tunalia tunaimba, dada mmoja wa jirani akasema, mi namlilia kama mzazi ila nyumbani kwetu Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 babu yangu alihamishwa kwa nguvu na nyumba yake ikachomwa, na hilo nalo nitalisema. Kimya kikatanda. Nikajua anapigwa huyu. Hakupigwa. Watu walimjia juu kwa maneno mpaka karibu alfajiri, na kuna waliomtetea, na kaka mmoja mkubwa wa masters akaleta habari za 1966 ambazo mi sikuwa nazijua kabisa, kwamba Oktoba 22 mwaka ule wanafunzi wa palepale Mlimani waliandamana mpaka Ikulu kupinga JKT ya lazima, hasa ile habari ya kukatwa mshahara wakiwa humo, na Mwalimu akawatimua karibu 400 wakarudi makwao, halafu na yeye akajikata asilimia 20 ya mshahara wake. Baadaye wengi wakarudishwa wakasoma. Hapo sasa ndo ubishi ukawaka upya, wengine wanasema wale vijana walikuwa walafi, wengine wanasema hapana, walikuwa na haki ya kuuliza. Asubuhi wote, yule dada na waliombishia, tukaenda pamoja kupanda daladala kwenda uwanjani kumuaga. Hicho kitu kwetu sikuwahi kukiona, mtu unamlilia na unambishia na unabishana na wenzako, na mwisho wa siku hakuna aliyehama chumba.

Mengine ya chuo nayapitia tu, we mwenyewe unayajua. Kupangilia bumu, ile hela ya kujikimu, lisiishe kabla ya mwezi, kula wali maharage na mtu wa Pemba na mtu wa Mtwara kwenye meza moja, kuosha nguo zako bila kusukumwa. Hayo hata jeshini unayapata.

Utaniuliza sasa inakusaidia nini kwenye saruji. Nikupe moja. Kuna msambazaji mmoja alikuwa ananiletea mabati, kaandika kwenye risiti geji 28, fundi mmoja akaja akashika bati akasema mama hii ni 30. Si unajua kwenye bati namba ikiwa kubwa bati ndo linakuwa jembamba, na bei zake hazifanani. Nikampigia, akaja na vijana wake kwenye kenta, akaanza kuongea kwa sauti mbele ya wateja, mama we unajua nini mabati, nimeanza hii biashara ukiwa bado unasoma. Zamani ningeona haya ningemwambia basi yaishe. Nikamwambia kweli sijui mabati ndo maana nauliza, umejuaje wewe kwamba ni 28? Kampimia nani? Nikatuma kijana akaazime kale kakifaa ka kupimia unene kwa fundi wa jirani, tukapima bati hadharani moja baada ya jingine, yeye anafoka mi nimekaa kwenye stuli. Sikumtukana. Mzigo ulirudi wote kwenye kenta lake. Na kwenye kikao cha ukoo cha shamba la babu yako ilikuwa hivyohivyo, wajomba zako walikasirika ila walinisikiliza, na leo tunasalimiana vizuri tu.

Sasa kwamba hicho kitu mtaani hakipo, hapana, siwezi kusema hivyo. Bibi yako hakukanyaga hata darasa la kwanza na alikuwa anamhoji babu yako mpaka babu anachukua kofia anaondoka. Na nimewaona wenye digrii mbili wakipingwa wanavimba macho. Ila wengi wetu hatuzaliwi nacho, lazima kuna mahali utakutana na watu usiowachagua, wanaojua usichokijua, halafu usiwe na pa kukimbilia. Mi nilikikuta pale, kwenye kachumba ka semina na kwenye godoro la mtu mmoja.

Ndo maana kuna sentensi yako moja imenisumbua kuliko hiyo ya bajaji. Umesema semina huendi, mnatumiana madesa, notisi za wenzenu, kwenye grupu la wasap, mtihani ukikaribia unameza. Sasa baba, unaniuliza chuo kinatoa nini na chenyewe hujakiingia? Madesa nayo nilikuwa nayo, ya fotokopi, yamenisaidia kukwepa sapu, kurudia mtihani, lakini hakuna hata moja ninalolikumbuka leo. Ninachokumbuka ni "mama yako anaamka saa ngapi."

Mi nasema umalize. Siyo kwa ajili ya cheti wala kwa ajili ya majirani hapa Msamvu, umalize kwasababu bado mwaka na nusu wa kukaa na watu wa kukubishia bure, baadaye watakubishia kwa hela. Bajaji ipo tu, ukimaliza ukaitaka tutakaa tupige hesabu na baba yako atakuwa ameshapoa.

Nitumie kontroo namba ya ada kabla ya Ijumaa, nalipa iliyobaki. Na kama hukubaliani na haya niliyoandika niambie sehemu gani na kwanini, ila uandike, siyo unitumie ile voisi noti yako ya sekunde kumi unasema "sawa mama nimekuelewa."