Laravel au PHP tupu kwa mfumo wa mikopo

Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama mfumo wa mikopo ya chama chenu uandikwe kwa PHP tupu (lugha ya kuandikia mifumo ya wavuti) au kwa Laravel, fremuweki ya PHP, yaani msingi wa msimbo ulioandikwa tayari, mimi ningechagua Laravel, kwani ufichaji wa nenosiri kwa bcrypt (njia ya kuligeuza lisisomeke) na ulinzi wa fomu dhidi ya maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine, unaoongezwa kwa neno moja tu, @csrf, vimo tayari. Niliwahi kurithi mfumo ulioandikwa bila fremuweki ambamo kila jina lenye ng' lilivunja swali la hifadhidata, maana ile alama ya ritifaa ilifunga maandishi kabla ya wakati (na mwizi angepitia tundu hilohilo). Hesabu ya riba, hata hivyo, iandikeni wenyewe, katika faili lake peke yake, kwa sababu hakuna fremuweki inayoijua katiba ya chama chenu.