Jibu: Mpangaji mwenzetu ana kipindupindu na choo tunachangia

Dada, pole. Unauliza mfanyeje sasa kwa kuwa mpangaji mwenzenu mnayechangia naye choo ana kipindupindu. Kumjulia hali hakuambukizi. Ugonjwa huu huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Kwa hiyo anzeni na hicho choo: kimwagieni dawa ya klorini, na kila anayetoka anawe kwa sabuni. Maji ya kunywa chemsheni mpaka yatokote, kisha yawekeni kwenye ndoo yenye koki. Nasisitiza koki, maana kikombe cha kuchotea kinachotumbukizwa pamoja na vidole ndicho kinachorudisha vijidudu kwenye maji mliyokwisha kuchemsha. Mtoto akiharisha choo kama maji yaliyooshea mchele, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi ili kurudisha maji mwilini) papo hapo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Tafadhali usingoje kukuche, mwili hukaukiwa ndani ya saa chache tu.