Pikipiki iliyolala muda mrefu: usianze na kiki

Wanaoanza kazi hii hukosea pale pale: wanafunga betri, wanamimina petroli mpya juu ya ile iliyokaa, kisha wanapiga kiki mpaka jasho liwatoke. Injini iliyokaa mwaka bila kuzunguka, silinda yake imekauka oili na ringi huenda zimeshikwa na kutu. Ukiilazimisha, unaikwaruza.

Fungua plagi, dondoshea tunduni oili ya injini kijiko kimoja cha chai, kama mililita 5, uiache hadi kesho yake. Kisha, swichi ikiwa imezimwa, ingiza gia ya juu na uzungushe tairi la nyuma kwa mkono, polepole. Ikigoma, ongeza oili usubiri tena, usiongeze nguvu. Ikizunguka vizuri, rudisha fri (gia isiyoshika) upige kiki mara kumi hivi plagi ikiwa bado nje, uso ukae mbali na tundu. Oili iliyo chini ya injini nayo itazame: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage kabla ya hatua nyingine yoyote.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo siku nyingi hupotea. Petroli ikikaa miezi kadhaa, sehemu yake nyepesi huruka na kinachobaki hugeuka utomvu unaonata. Mwaga tenki lote, umulike ndani kwa tochi. Kutu nyepesi huondoka kwa siki iliyoachwa humo siku nzima. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha kabisa.

Kabureta ishushe hata kama inaonekana safi kwa nje. Inayoziba mapema ni jeti ndogo (kipande chenye kitundu kinachopitisha petroli), ile ya mwendo wa chini, kwa sababu tundu lake halifiki nusu milimita. Dalili yake haifichiki: pikipiki inawaka choki ikiwa imevutwa, ukiirudisha tu inazima. Toa kwanza mipira na floti (boya la ndani), kwa kuwa dawa ya kusafishia kabureta huivimbisha mipira. Pulizia dawa, kisha hewa ya kompresa. Usichokoe kwa waya wa chuma, tundu likipanuka mafuta yatazidi na hutajua kwa nini. Unyuzi mmoja wa nailoni unatosha. Inyanyue jeti kwenye mwanga: ukiona nukta ya duara kamili, imezibuka. Ukiona mwezi mwandamo, bado.

Betri ipime ikiwa imetulia. Volti 12.6 na kuendelea ni nzima; ikiwa chini ya 10.5, mara nyingi imeshakufa, usipoteze muda nayo. Ya katikati ichaji polepole kwa moja ya kumi ya ujazo wake, yaani betri ya Ah (ampea-saa) 5 ipate ampea 0.5. Kabla ya kuwasha, chungulia kwenye boksi la filta ya hewa na kwenye eksozi. Panya hupapenda.

Ikishawaka, iache iungurume dakika kumi hivi, zima, umwage oili ikiwa ya moto pamoja na uchafu iliouzoa. Klachi ikigoma kuachia, ujue sahani zimegandana. Moto wa injini peke yake huzibandua mara nyingi.

Kuwaka si kufaa barabarani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: aina iitwayo DOT 4, ikiwa mpya, huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango hushuka kuelekea 155, na yakichemka mkono wa breki unazama bila kushika. Badilisha yote. Breki za dramu, fungua gurudumu utazame kama bitana (tabaka linalosuguana) imebanduka kwenye brekishuu. Tairi usome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilizo ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye nyufa ubavuni halifai, hata kama kashata zake (meno yake) ni ndefu.

Safari ya kwanza iwe ya kilomita mbili, mwendo mdogo. Rudi, pitisha kidole kwenye sili za shokapu za mbele na chini ya kabureta kutafuta uvujaji, pima ulegevu wa cheni (nyingi hutaka milimita 20 hadi 30), kaza nati za ekseli. Kesho yake, kabla ya kuipanda, tazama sakafu ilipolala.