Faiba mpya, SSH kimya

*Kaka, juzi nimefungiwa faiba hapa Sinza, nikaachana na ruta ya laini. Kila kitu kinafunguka isipokuwa SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva ya kazini kwa kuandika amri: inasubiri wee, kisha "Connection timed out". Fundi anasema intaneti ni nzima.*

Fundi hajadanganya. Kurasa za wavuti hupita poti (mlango wa mtandao) namba 443, SSH hupita 22, na faiwoli, mlinzi anayechuja miunganisho, inaweza kuachia moja ikafunga nyingine. Ujumbe ulioupata maana yake pakiti zako (vipande vya data ulivyotuma) zimemezwa bila jibu. Ungeambiwa "Connection refused", ungejua kuna aliyekujibu, ila poti hiyo haipokei mtu. "Permission denied" ndiyo kabisa, mtandao hauna kosa. Shughulika na ufunguo wako.

Sasa washa hotspoti ya simu, kwa laini isiyo ile ya ruta ya zamani, ujaribu tena. Ukiingia, kizuizi kiko kwenye ruta mpya au kwa kampuni ya faiba. Wakikataa kufungua 22, msimamizi wa seva aiwekee SSH poti nyingine, nawe utumie `ssh -p` na namba ya poti hiyo. Ikigoma huko nako, mimi nashuku faiwoli ya kazini: inaijua anwani yako ya IP ya zamani, na faiba imekupa nyingine. Mtumie msimamizi hiyo mpya. Fundi wa watu mwache apumzike.

*Nipo Posta, kompyuta iko nyumbani Mbezi. Nimeelekeza poti kwenye ruta mpya lakini siingii. Ruta inaonyesha anwani inayoanza na 100.72.*

Anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili wateja wengi wa kampuni moja wachangie anwani ya nje. Ni nyumba ya kupanga: umefungua mlango wa chumba chako, funguo ya geti anayo mwenye nyumba. Omba anwani ya umma, mara nyingi kwa ada, au weka Tailscale, programu inayounganisha mashine zako bila kuelekeza poti, pande zote mbili. Mimi ningeanza na Tailscale.

*Tangu tubadili ruta, SSH ya 192.168.1.10 inapiga kelele kuwa utambulisho wa mashine umebadilika. Nifute faili lote la known_hosts?*

Usifute lote, humo SSH hukumbuka utambulisho wa kila mashine uliyowahi kuingia. Huenda ruta mpya imeipa mashine nyingine namba hiyo. Hakikisha kwanza ni ipi, kisha ufute kumbukumbu ya namba hiyo tu kwa `ssh-keygen -R 192.168.1.10`. Ingekuwa seva ya nje, ningekuambia usiguse kitu kabla ya kumpigia mwenye seva.

*Nikienda kunywa chai tu, nikirudi SSH imeganda.*

Ruta inasahau miunganisho iliyokaa kimya. Andika `ServerAliveInterval 60` kwenye faili la mipangilio `~/.ssh/config`, ili ukimya ukifika sekunde 60 SSH iibishie hodi seva, nawe unywe chai yako.