Jibu: Spiriti ya duka la dawa kusafishia filamu za Super 8

Salama mkuu. Umeuliza kama spiriti ya duka la dawa inafaa kusafishia filamu za Super 8 (zile filamu nyembamba za sinema za nyumbani) za mzee wako. Achana nayo. Nyingi ni asilimia 70, iliyobaki ni maji, na maji huvimbisha jelatini iliyobeba picha. Rili ikifungwa na unyevu, mizunguko inagandana.

Kabla ya yote, nusa kopo. Ukisikia harufu ya siki, asetati, yaani plastiki ya filamu yenyewe, imeanza kuoza na hakuna kioevu kitakachoirudisha. Itenge na nyingine. Kisha kagua ukingo: mstari wa kahawia ni utepe wa sumaku wa sauti, na baadhi ya viyeyusho huubandua. Jaribu kwanza kipande kidogo cha mwisho.

Tafuta isopropili, aina ya alkoholi, ya asilimia 99. Lowanisha kidogo kitambaa laini kisichoacha nyuzi, pitisha filamu taratibu kati ya rili mbili, ikauke kabla ya kujizungusha. Badilisha upande wa kitambaa mara kwa mara, maana mchanga ulionaswa ndio unaokwaruza. Kwenye viungio vya selotepu ruka, gundi hulainika.

Madirisha wazi, moto mbali. Ukikuta chupa kuukuu ya karboni tetrakloridi, kisafishio cha filamu cha zamani, usiifungue kabisa, inaua ini.